Maswali ya wasomaji: Bibi hataki kurekodiwa, nifanyeje? Na mengine ya hadithi za ukoo

Toleo lililopita tuliomba mtuandikie kuhusu hadithi za ukoo, zile za nani alitoka wapi, kwa nini alihama, alipigana na nani, na kusema kweli barua zimekuja nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Majina ya walioandika tumeyaacha kama walivyoomba wenyewe. Naanza na barua ya Songea kwa sababu naona swali lake ndo la wengi.

Shikamoo Anti. Mimi kwetu Songea ila nafanya kazi Dar. Bibi yangu mzaa baba ameshapita miaka themanini na kichwa chake bado kizuri sana. Tukiwa jikoni anasimulia babu yake alivyokunywa dawa ya Majimaji, alivyojificha porini na mdogo wake wakawa wanakula mizizi, yaani unasikia mwili unasisimka. Tatizo nikitoa simu nirekodi anabadilika kabisa, anajibu "ndio", "sijui", "kawaulize wanaume". Nifanyeje Anti, naogopa tutachelewa. (Mjukuu, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Bibi usimlaumu. Maisha yake yote mtu aliyekuwa anamuuliza maswali huku ameshika kitu mkononi alikuwa karani, au mtu wa kodi, au polisi, na jibu fupi ndo lilikuwa salama. Sasa simu ikitoka tu, mjukuu unageuka karani. Kwa hiyo safari ijayo siku za mwanzo usirekodi kitu, kaa naye jikoni, chambua naye maharage, mwache aongee anavyotaka. Alafu muombe ruhusa wazi wazi, mwambie bibi nataka sauti yako ibaki, watoto wangu waje waisikie, unakubali? Akikubali weka simu chini pembeni ya ungo, iweke kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati ikakata, na mikono yako na yake iendelee na kazi. Mkimaliza mchezeshee kidogo ajisikie. Wazee wengi wakishasikia sauti yao mara moja wanaanza kusahihisha wenyewe, "hapo nimeruka, washa tena". Kumrekodi kwa siri usithubutu hata kama nia ni nzuri, siku akijua hatakwambia tena chochote na atakuwa na haki.

Hiyo "kawaulize wanaume" nayo usiichukue kama mlango umefungwa. Wanaume wa ukoo watakwambia nani alikuwa nduna, yaani kiongozi wa vita wa Wangoni, na nani alinyongwa. Bibi atakwambia watu walikula nini, na kwenye Majimaji hilo la kula ni nusu ya historia nzima. Vita ilianza 1905 kule Umatumbi, maji ya Kinjikitile wa Ngarambe yakasambaa kusini kote, Wangoni nao wakaingia, na Wajerumani wakaona njia ya kuwamaliza watu ni kuchoma maghala na mashamba. Njaa ikaua wengi kuliko risasi, makadirio mengine yanafika watu laki tatu. Sasa babu wa bibi yako alikula mizizi, mizizi gani? Inaitwaje Kingoni? Inachemshwa mara ngapi isidhuru? Nani aliwaonyesha? Muulize hivyo, kitu kidogo kinachoshikika, utaona anaongea mpaka jioni. Ukimwambia "bibi nieleze historia ya ukoo wetu" hata akitaka hajui aanzie wapi.

Miaka pia usimuulize, muulize ilikuwa kabla au baada ya nini. Kabla ya sotoka kumaliza ng'ombe au baada? Wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, wakati wa nzige, vita ya Hitla, mwaka mlipohamishiwa vijijini, vita ya Amini. Matukio hayo tarehe zake zinajulikana, wewe utakaa baadaye na daftari lako upange.

Na kuna kitu kimoja naomba sana, kwako na kwa wengine wote wanaosoma hapa, mana barua karibu zote zimekisahau. Kila hadithi ikiisha uliza: bibi, haya ulisimuliwa na nani, na mlikuwa wapi? Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado wanaikumbuka Majimaji, na kazi ile inatumika mpaka leo kwa sababu waliandika mzee gani alisema nini na alikuwa wa kijiji gani. Ukisikia "wahenga walisema" huwezi kufuatilia popote. Ukisikia "nilisimuliwa na shangazi yangu mkubwa, tulikuwa tunapalilia shamba la upande wa mtoni, na yeye aliambiwa na baba yake aliyekuwepo", hapo una njia ya kurudi nyuma mtu kwa mtu. Anza kila rekodi kwa kusema mwenyewe kwa sauti leo ni tarehe ngapi, mko wapi, anayeongea ni nani mtoto wa nani. Nusu dakika tu inatosha.

Ukiwa Songea mpeleke Makumbusho ya Majimaji kama miguu yake inaweza, waliponyongwa na kuzikwa akina Nduna Songea Mbano mwaka 1906. Rais wa Ujerumani alifika pale Novemba 2023 akaomba msamaha mbele ya uzao wao. Bibi akisimama pale usimuulize kitu, msikilize tu.

Anti habari. Sisi ni Wachaga wa Old Moshi. Baba mkubwa anasema babu wa kwanza wa ukoo alitoka Ukambani akifuata tembo, baba mdogo anasema hapana, alitoka Taita alikimbia njaa. Kila tukikutana Krismasi ugomvi. Mimi ndo nimepewa kazi ya kuandika, sasa niandike ipi na ipi niitupe? (Mwandishi wa ukoo, Moshi)

Usitupe hata moja. Andika ya baba mkubwa kwa maneno ya baba mkubwa na jina lake juu, andika ya baba mdogo kwa maneno yake na jina lake juu, alafu acha ziwe mbili. Najua unataka kitabu kinachosomeka vizuri lakini kazi uliyopewa ni ya kutunza, hukumu haimo. Tena kwenu koo kibao zinajieleza kwamba zilitoka Ukambani, Taita, Umasaini, kwa hiyo wote wawili wanaweza kuwa na kipande cha ukweli, mmoja kaishika hadithi ya upande wa baba wa babu na mwingine ya upande wa mama yake. Waulize hilo swali langu la kila siku, uliambiwa na nani. Nina hisia utakuta mmoja alilelewa na bibi na mwenzake alikuwa anakaa na wazee kwenye mbege.

Angalia Kilwa. Habari za masultani wa Kilwa zimetufikia kwa njia mbili, moja iliyoandikwa kwa Kiarabu na nyingine iliyochapishwa na Mreno João de Barros mwaka 1552. Moja inasema zilikuja merikebu saba, baba na wanawe sita, kila mmoja akashuka bandari yake. Nyingine inamtaja Ali, sultani wa kwanza, peke yake, mtoto wa mama Mhabeshi, ndugu zake wanamdharau, akaamua kuondoka. Hazipatani kwenye mengi, ila zote mbili zinasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Na wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan. Angetokea mtunzaji mmoja akaamua kuchagua "ile sahihi", sisi leo tungekuwa na nusu tu ya kulinganisha.

Na kwenu Old Moshi mnajua kuliko mimi kwa nini hizi habari ni muhimu. Mangi Meli, chifu wenu, alinyongwa na Wajerumani Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, na mafuvu ya watu wetu yakapelekwa Berlin. Mwaka 2023 makumbusho ya kule yakatangaza kwamba vipimo vya DNA vimekutanisha baadhi ya mafuvu na ndugu walio hai Kilimanjaro, na moja lilikuwa limeandikwa "Akida", aliyekuwa mtu wa karibu wa Mangi Meli. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe hakikuwemo, mjukuu wake amehangaika kukitafuta miaka na miaka. Lakini fikiria, DNA unaipima kwa nani kama hakuna familia ambayo miaka zaidi ya mia moja imeendelea kuwaambia watoto "sisi ni uzao wa yule, alichukuliwa, hakurudi"? Mashine ilikuja mwisho. Wazee walikuwa wameshafanya kazi yao kabla.

Kwa hiyo Krismasi ijayo wakianza ubishi washa rekodi. Wakitulia zungukeni kihamba, shamba la ukoo, pamoja, kila kaburi na kila isale, ule mmea wa heshima wa Kichaga, lilipandwa kwa ajili ya nani na nani aliyelipanda, andika kwa mpangilio wa mnavyotembea. Chora na ramani ya mkono.

Salamu mwanangu. Mimi ni mzee wa Lushoto. Hadithi ninazo, za Mbegha na za ukoo wetu mwenyewe, lakini wajukuu hawana habari. Wakija likizo kila mmoja na simu yake mpaka usiku. Zamani tulikaa kwenye moto tukasimuliwa. Nitamsimulia nani? (Babu, Lushoto)

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, asante kwa kuandika.

Mzee, huo moto sidhani kama utarudi, ila wajukuu uwafuate hukohuko waliko. Kama familia ina grupu la WhatsApp, na siku hizi ni nani hana, kila Jumapili muombe mmoja akushikie simu urushe sauti fupi, hadithi moja tu, na ukatize pale Mbegha anapofika kijijini na nyama ya nguruwe na wenyeji wanamtazama. Usimalizie. Wiki ijayo watakuuliza wenyewe. Anza na ya meno, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, kigego, ambaye kwa mila ya wakati ule alitakiwa asiishi, akaishi, akafukuzwa kwao Unguu, akawa muwindaji, akaja kupewa utawala Usambara nzima. Niambie mtoto gani wa sasa hatataka kujua ilikuwaje.

Tena mzee Mbegha ameshaandikwa. Zaidi ya miaka mia iliyopita Abdallah bin Hemedi alikusanya habari za Wakilindi, ukoo wa watawala uliotokana na Mbegha, kwa Kiswahili, kwa hiyo hapotei leo wala kesho. Ile ya ukoo wenu ndo haipo kwenye kitabu chochote. Hiyo ipe nafasi ya kwanza, Mbegha awe chambo. Na wajukuu wakija likizo toka nao nje, nenda nao mpaka kwenye lile jiwe au ule mti au pale palipokuwa na boma, simulia mkiwa mmesimama palepale, alafu huyo anayependa simu kuliko wote mpe yeye kazi ya kupiga video. Mtoto akipewa kazi anasikiliza.

Anti mambo, niko Muscat. Mama yangu ni wa Unguja, hadithi zake zote kwa Kiswahili, watoto wangu wanajua Kiarabu na Kiingereza tu. Nimwambie mama asimulie kwa Kiarabu ili waelewe? (Dada wa Muscat)

Hapana, mwache asimulie kwa lugha anayoota nayo. Akihamia lugha ya pili anafupisha, nyimbo zinakatika, na vile viitikio vya "Paukwa!" "Pakawa!" vinakufa palepale. Rekodi Kiswahili kizima, tafsiri utaandika wewe pembeni kwa ajili ya watoto, tena ukikwama neno bado una mama wa kumuuliza. Hilo lisisubiri.

Anti shikamoo, nina jambo zito kidogo. Naandika kitabu cha ukoo, sisi ni watu wa Pangani. Mama mkubwa alinidokeza kwamba bibi yake mzaa mama aliletwa pwani akiwa mtoto mdogo, mtumwa, kutoka Nyasa huko, na jina tunalomuitia alipewa na waliomnunua. Mjomba alivyosikia akawaka, eti nikiandika hilo nimewavua nguo watoto wote wa ukoo, nani atawaoa. Niiache? (Kijana wa Pangani)

Marahaba mwanangu. Usiiache, na usiichapishe bado. Hayo ni mambo mawili tofauti.

La kwanza, leo usiku kaa uandike kila neno alilosema mama mkubwa, kwa maneno yake, na tarehe. Kisha rudi kwake peke yako, kwa adabu, bila mjomba, na usimuulize "alikuwa mtumwa?" kwa sababu hilo neno ndo linalochoma. Muulize kuhusu mtoto yule. Alikuwa na chale usoni, za namna gani? Alitoboa mdomo kwa ndonya? Kuna chakula alikuwa hali? Alipobembeleza watoto aliimba nini, maneno mengine yalikuwa hayaeleweki? Kuna mto au ziwa alilokuwa analitaja? Vitu hivyo ndo vinaweza kusema kama alikuwa Myao, Mnyasa, Mmakua, mana kwenye biashara ile watoto walibadilishwa majina makusudi wasirudi kwao. Na kama kuna mtu bado analikumbuka jina lake la kwanza, hata nusu yake, hata kama analitamka vibaya, hilo ndo la thamani kuliko kurasa zako zote zilizobaki.

Mjomba wako namuelewa, sitamsema vibaya. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria kule Zanzibar 1897 na Tanganyika mpaka 1922, kwa hiyo mjomba amekua na watu waliokuwepo, amesikia watu wakitukanwa hadharani kwa asili yao, amejua ndoa zilizovunjika kwa hilo. Anachokilinda ni watu. Lakini mtoto aliyeibiwa hana aibu yoyote mwanangu, aibu ni ya waliomuiba na waliomnunua, na mimi binafsi nikisikia kwamba mtoto wa miaka saba au nane alitembezwa kutoka Nyasa mpaka baharini akabaki hai, akazaa, na leo mko ukoo mzima, namuona huyo bibi ndo shujaa wa kitabu chako.

Sasa fanya hivi. Kitabu cha ukoo kitoke bila sura hiyo, na wala usiweke uongo mahali pake, usiandike kwamba alitoka Shirazi. Acha wazi tu, "habari zake zimehifadhiwa". Sura yenyewe iweke kwenye bahasha, nakala moja kwako, nyingine kwa mtu mwingine wa ukoo anayejua kunyamaza, na juu yake andika nani ana ruhusa ya kufungua na lini, mfano wajukuu wa mama mkubwa wakikubaliana. Nenda na Bagamoyo pia. Mapadri pale walikuwa na kijiji cha waliokombolewa utumwani tangu 1868. Inawezekana bibi yako hakupita hapo, ila ukiona makaburi yao utaelewa unaandika kuhusu watu gani, na utaongea na mjomba kwa sauti nyingine.

Anti, tumekuta kanda ya kaseti ya babu akisimulia ukoo, ilirekodiwa sikukuu ya 1987, babu alishafariki. Kuna redio kaseti ya zamani hapa nyumbani, tuipige tuisikilize tu? (Wa Morogoro)

Msiipige! Subirini kwanza. Hiyo redio kama imekaa miaka bila kutumika mpira wake wa ndani umelegea na itaila kanda ya babu mkiwa mnatazama.

Shika kanda, angalia pale juu, ule upande ambao utepe hauonekani, kuna vipande viwili vidogo vya plastiki pembeni. Kama bado vipo vivunje kwa ncha ya kisu, hapo hakuna mtu atakayeweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Alafu tazama utepe kupitia kioo chake, kama una vumbi jeupe huo ni ukungu, usiuzungushe kabisa, mpelekee fundi. Kama ni msafi weka penseli kwenye tundu uzungushe taratibu uone kama umeshikana mahali. Redio mtakayotumia ijaribiwe kwanza na kanda nyingine isiyo na maana, kichwa chake, kile kinachogusa utepe, kifutwe kwa pamba yenye spiriti, mkiona ile kanda ya majaribio imetoka salama hata mara mbili ndo muweke ya babu. Na mara ya kwanza ya kuisikiliza iwe hiyohiyo ya kuihamisha, waya kutoka tundu la hedifoni la redio kwenda kwenye kompyuta, programu za kurekodi za bure zipo, iache itembee pande zote mbili bila kusimamisha hata pale panaposikika kelele za watoto tu. Hizo kelele ni za wazazi wenu.

Ikishaingia, faili mlipe jina linaloeleweka, jina la babu, mahali, 1987, msiiache "Audio 001". Wekeni kwenye simu za watu watatu wasioishi nyumba moja na kwenye fleshi. WhatsApp mtume kama dokumenti ili isipunguzwe ubora, ila msihesabu kwamba grupu ndo ghala, simu ikiibiwa au mtu akifuta ndo basi. Kisha kaeni na mtu mzima aliyekuwepo siku ile, awaambie hizo sauti nyingine ni za akina nani, muandike dakika kwa dakika. Na kama itabidi kwenda kwa fundi mjini, aihamishe mkiwa mmekaa hapohapo mbele yake, kanda msiiache dukani.